Mwongeli na Kereng'ende wa Yadini

Mwongeli Ndunda alifukuzwa kazi siku ya Alhamisi, saa nane mchana, mbele ya wateja wawili na fundi wa rangi, bila mtu yeyote kumwuliza swali hata moja. Nilikuwa katika kibanda changu getini. Kazi yangu katika yadi ile ya magari ya Mlolongo ni kuandika gari linaloingia na linalotoka, saa yake, namba yake ya chesisi, na jambo lolote lisilo la kawaida. Siku ile meneja wetu, Antony Kioko, alisimama dirishani akanisomea la kuandika, nami nikaliandika kama alivyolisoma: kwamba mwosha magari Mwongeli Ndunda ameachishwa kazi kwa kumwagia magari asidi ya betri kwa makusudi. Neno hilo "makusudi" limo kwenye daftari kwa mwandiko wangu, na limo pale kwa sababu sikuinua kichwa nikasema, hebu ngoja kwanza.

Aliyeandikiwa neno hilo ni mtu wa namna hii.

Alizaliwa Muthetheni, upande wa Mwala. Mama yake alikuwa katika mwethya, kikundi cha kina mama wanaosaidiana kazi kwa zamu, na kikundi hicho ndicho kilichochimba kwa majembe na karai silanga ya kukusanya maji ya mvua chini ya shamba lao. Mwongeli alikua akiteka maji hapo asubuhi na jioni. Alimaliza darasa la nane, akaolewa, akamzaa Ndinda, akafiwa na mume kabla mtoto hajajua kutembea. Akamwacha mtoto kwa bibi yake na kuja Athi River, akaajiriwa katika kiwanda kimoja cha nguo cha EPZ, eneo la viwanda vinavyouza bidhaa nje ya nchi.

Hakukaa sana kwenye cherehani. Msimamizi aliona kwamba jicho lake halipitwi na kasoro, akamweka meza ya ukaguzi. Kwa miaka kumi na mmoja alisimama chini ya taa akigeuza mashati, na kila alipoona uzi uliochomoka au tone la mafuta alibandika kibandiko kidogo chekundu chenye umbo la mshale, ncha ikielekea penye kasoro. Aliniambia kwamba kwenye meza ile huruhusiwi kusema shati hili ni baya. Unaonyesha pabaya ni wapi. Unahesabu. Unachukua mashati mengine ya cherehani ileile na kutazama kama kasoro iko mahali palepale. Ukimaliza ndipo unajua wa kulaumiwa ni mshonaji, au sindano, au kitambaa chenyewe kilichokuja kikiwa na ugonjwa wake.

Kiwanda kilipopungukiwa na kazi walipunguzwa watu, naye akiwa miongoni mwao. Akaja kwetu. Aliosha magari miaka sita na sikumbuki siku aliyochelewa.

Yadi yetu iko kando ya barabara ya Mombasa, na magari yake ni ya kutoka nje, yaliyotumika kidogo. Mteja hununua kwa macho. Kwa hiyo kila asubuhi gari linaoshwa, linakaushwa, kisha linapakwa dawa ya kung'arisha na kusuguliwa hadi mtu ajione uso. Kioko alikuwa na msemo wake ambao kila mfanyakazi aliujua: "Nataka gari ing'are kama maji." Lakini maji yenyewe Mlolongo huja kwa lori, na Kioko aliyachunga kama mchele wa wageni. Zamani tulisuuza magari hata mchana, lakini tangu katikati ya mwaka jana mwisho wa kutumia mpira wa maji ulikuwa saa tatu asubuhi. Baada ya hapo, gari likipata vumbi lilipanguswa kwa kitambaa kikavu, na likipata kingine chochote lilikaa nacho mpaka kesho yake.

Madoa yalianza katikati ya Novemba ya mwaka jana. Kwanza lilikuwa gari kubwa jeusi. Juu ya boneti palikuwa na vidoa vidogo kama punje za wimbi, vimefifia, na ukipitisha ukucha unahisi rangi imekwaruka. Havikutoka kwa sabuni, havikutoka kwa dawa. Baada ya siku chache likafuata jekundu, kisha jeusi jingine, hata baada ya wiki tatu magari kumi na moja yalikuwa yameharibika. Kioko akamwita fundi wa rangi, mzee mmoja mpole mwenye karakana nyuma ya mizani ya kupimia malori. Fundi akainama, akanusa, akapapasa, akasema hii ni asidi.

Basi. Neno moja la fundi likatosha. Kioko hakuuliza ni asidi gani wala imefikaje. Aliuliza tu ni nani anayeshika asidi, na jibu lilikuwa Mwongeli, kwa sababu yeye ndiye aliyejaza betri za magari yaliyokaa sana. Tena miezi miwili nyuma alikuwa ameomba glavu za mpira, akazungushwa, akaomba tena. Kioko akaona hiyo ndiyo sababu: mama amekasirika kwa kunyimwa glavu, ameamua kulipiza. Mpaka leo nikifikiria hesabu hiyo najisikia joto kichwani. Mtu anaomba glavu kwa kuogopa asidi, halafu unasema anazunguka nayo mikononi akiinyunyiza kama maji ya baraka.

Alipoitwa, alikuja akijifuta mikono kwa aproni. Kioko alimwambia mbele ya watu, "Mama Ndinda, wewe ndio unashika asidi hapa. Unataka niulize nani mwingine? Mbwa?"

"Uliza gari, bosi," akasema. "Doa liko kwa gari."

"Gari imenyamaza. Toa buti za yadi."

Akazivua palepale, akaziweka pamoja, kisigino kwa kisigino, akatembea juu ya kokoto akiwa na soksi. Gikonyo, mlinzi wetu wa mchana, mtu wa Murang'a mwenye maneno mengi, alimfuata mpaka getini. Alivua sandali zake akampa, akakaa getini miguu mitupu mpaka jioni.

Kama mambo yangeishia hapo angetafuta kazi nyingine. Lakini Kioko alimwandikia barua yenye neno lile lile la makusudi, akaipiga picha, akaituma katika kundi la simu la mameneja wa yadi zote kutoka Syokimau hadi Athi River. Mwongeli alibisha hodi katika yadi tatu. Katika ya tatu, askari alitazama simu yake, akamtazama, akafunga geti bila kujibu salamu. EPZ nako walikuwa wameanza kuajiri tena, na karani wa huko akamwambia jicho lake wanalikumbuka, alete tu barua ya kazi yake ya mwisho. Barua aliyokuwa nayo ni ile. Alikuwa na miaka arobaini na sita, hana mume, hana shamba la kutosha, na kitu pekee alichokuwa amejiwekea duniani ni kwamba ukimpa kazi hakuharibii. Hicho ndicho walichomnyang'anya.

Jumamosi alikuja nje ya uzio, upande wa kibanda changu. Nilidhani ataomba nimsemee. Hakuomba. Aliniuliza kila gari lilionekana na doa siku gani.

Nilifungua daftari nikamsomea. Tarehe kumi na nne, gari jeusi. Na kwa kuwa nilikuwa nasoma kila mstari, nikamsomea pia mstari wa chini yake: tangu saa nne kuna wadudu wengi wenye mabawa juu ya yadi, wateja wanalalamika.

Akanishika hapo. "Wadudu gani?"

"Kereng'ende."

"Kereng'ende gani?"

Nikamwambia kereng'ende ni kereng'ende. Alicheka, mara ya kwanza tangu Alhamisi. "Karani, wewe unaandika namba ya chesisi ya kila gari, hata hizi mbili zinazofanana kama mapacha. Halafu mdudu kwako ni mdudu tu?"

Akaniita nitoke kibandani nitazame juu. Walikuwako siku hiyo pia, mamia, wakienda na kurudi juu ya magari kwa kimo cha nyumba. Akaanza kunionyesha kama mtu anayekagua shati. Yule kereng'ende ninayemjua mimi, alisema, ni yule mwekundu wa kwenye mabwawa ya machimbo ya mawe. Huyo ana unyasi wake. Anakaa juu yake, anaruka, anarudi kwenye unyasi ule ule, na mwingine akija anamfukuza. Ukienda mwezi wa nane kiangazi kimekaza utamkuta, kwa sababu yeye ni mwenyeji. Hawa wa hapa juu si wekundu. Ni rangi ya asali, au chai ya rangi isiyokolea. Hawatui. Tulisimama karibu nusu saa na sikuona hata mmoja akitua. Wakichoka, alisema, wananing'inia chini ya kijiti kichwa juu, kama nguo kwenye kamba, na ukimshika mmoja wao utaona bawa la nyuma ni pana sana pale linapounganika na mwili, na karibu na ncha ya kila bawa kuna alama ndogo ya rangi ya kutu.

"Huyu si wa hapa," akasema. "Huyu anakuja na mvua. Leo hayuko, kesho ni wengi, wiki kadhaa, halafu wameenda. Kwa silanga yetu nyumbani alikuwa anashuka mvua mpya ikijaza tu. Maji ya zamani yenye samaki hataki. Anagonga maji na mkia hivi, hivi, hivi. Hapo ndio anaweka mayai."

Alikuwa bado na kidole hewani akinionyesha, na mbele yetu, ng'ambo ya uzio, mmoja wao akashuka juu ya boneti ya gari jeusi akaigonga kwa ncha ya mkia mara nne au tano, akapanda, akarudi, akagonga tena. Nimewaona wakifanya hivyo kila Novemba kwa miaka tisa. Nilidhani wanacheza.

Mwongeli akashusha kidole. Kisha akasema polepole, "Ing'are kama maji."

Hapo wengi wangekimbia ofisini kupiga kelele. Yeye alienda nyumbani. Alisema amemwona mdudu akigonga, hajaona doa, na meza ya ukaguzi haikubali hivyo. Jumapili Gikonyo alimpatia boneti kuukuu nyeusi kwa mtu wa vyuma chakavu. Akaiosha, akaing'arisha kwa dawa ile ile tunayotumia yadini, akaigawa sehemu nne kwa utepe. Alishona wavu mdogo wa kipande cha chandarua, akaenda penye madimbwi ya mvua nyuma ya ploti yao, na baada ya kukosa mara nyingi na kuchekwa na majirani alikamata majike watatu wa rangi ya asali. Ukishika mabawa ya jike taratibu na kuichovya ncha ya mkia kwenye glasi ya maji, anatoa mayai, madogo kama unga. Mimi mwenyewe nilimshikia glasi. Kisha akawaachilia.

Sehemu ya kwanza ya boneti aliipaka mayai hayo kwa unyoya. Ya pili akatia matone ya maji matupu. Ya tatu asidi ya betri, iliyoazimwa kwa fundi wa pikipiki. Ya nne hakutia kitu. Akaiweka juani siku tatu, na jua la Mlolongo juu ya bati jeusi haliruhusu kuweka kiganja. Siku ya nne tuliiosha. Penye maji hapakuwa na kitu, na pasipotiwa kitu hivyo hivyo. Penye asidi palikuwa na mabaka ya ukubwa tofauti, moja limechuruzika mpaka ukingoni. Penye mayai palikuwa na vidoa kama punje za wimbi, vimekwaruka.

Mayai ya yule mwekundu hatukuyajaribu. Naliandika hili ili mtu asije akasema tulidai tusichokijua. Tunachojua ni kwamba hatukuwahi kumwona yule mwekundu akishuka yadini.

Ndinda, ambaye sasa ni mtu mzima anayeuza katika duka la dawa, alikumbuka mwalimu aliyemfundisha biolojia alipohamia kwa mama yake Athi River, Bi Pauline. Tulimpelekea picha, naye akaja mwenyewe siku ya pili na miwani yake ya kukuzia. Alitazama bawa, alama ya kutu, upana ule wa nyuma, akasema Mwongeli hakukosea: huyu ni msafiri, anajulikana karibu dunia nzima yenye joto. Watafiti wamepima mabawa yao maabarani na kuona kwamba wengine walikulia katika maji ya mbali mno, na inadhaniwa kwamba wanaofika Afrika Mashariki wakati huu wa mwaka huvuka bahari kutoka upande wa India wakisukumwa na upepo unaoleta mvua. Hakuna aliyemfuata mmoja njia yote, alisema, kwa hiyo tuseme inadhaniwa. Kwa sababu ya safari hiyo mtoto wake lazima akue haraka, wiki chache tu, kabla dimbwi halijakauka. Ndiyo maana anapenda maji mapya, na ndiyo maana kila kinachong'aa baada ya mvua anakipapia, hasa cheusi au chekundu, kwa kuwa cheupe hakifanani na maji machoni pake. Kuhusu asidi, alitueleza kwamba yai la kereng'ende likianza kukomaa juu ya bati la moto, ganda lake hutoa kitu ambacho kwa joto hilo hugeuka asidi kweli. Fundi wa rangi hakudanganya. Aliulizwa nusu ya swali, akatoa nusu ya jibu.

Gikonyo alisikiliza yote hayo akakuna kidevu. "Kwa hivyo huyu mtu ametoka India bila pasi, akaingia yadi bila kuandikwa na karani, akaharibu mali. Na aliyefukuzwa ni wa Muthetheni."

Mwongeli akanigeukia. Aliuliza Kioko huwa ofisini siku gani wakati kuna wateja wengi. Nikamwambia Jumamosi.

Alikuja Jumamosi hiyo na boneti juu ya mkokoteni, yeye mbele na Ndinda nyuma, Bi Pauline akifuata na mwavuli. Kioko alitoka akamwambia aondoke. Alieleza kwa sauti ya upole kabisa kwamba kereng'ende anawajua, amezaliwa Kangundo, amewafunga uzi mkiani utotoni kama kila mtoto, wako hapa mwaka mzima na hawajawahi kuharibu hata baiskeli. Nilijua sasa anazungumzia nani. Alikuwa anazungumzia yule mwekundu. Alikuwa ametumia kumjua mdudu mmoja kumhukumu mtu kwa kosa la mdudu mwingine, na alisema kwa uhakika ule ule aliokuwa nao siku ya Alhamisi. Uhakika hauna bei, ndiyo maana wengine wanao mwingi.

Lakini wateja walikuwa wamekwisha kuuzunguka mkokoteni, na mmoja wao, bwana aliyekuwa karibu kununua gari jekundu, akauliza boneti ile ina nini. Kioko akamtazama bwana huyo, akatazama gari jekundu. Akafungua geti.

Mwongeli alitoa mfukoni karatasi ya vibandiko vyekundu, mishale midogo. Sijui alivitoa wapi baada ya miaka yote hiyo. Akaanza gari la kwanza. Mshale, mshale, mshale. Aliyapitia magari yote kumi na moja, bila haraka, watu wakimfuata kama wanaofuata mtu anayepima kiwanja. Alipomaliza alimwita fundi wa rangi, ambaye Gikonyo alikuwa amemleta, akamwomba atazame mishale iko wapi.

Fundi akazunguka. Mishale ilikuwa juu ya boneti, juu ya paa, juu ya mfuniko wa buti nyuma. Mlangoni hakuna. Ubavuni hakuna. Magari meupe yote ya yadi, hakuna.

"Mzee," Mwongeli akamwambia, "mtu akirusha asidi kwa gari kumi na moja, kuna vile hakuna tone hata moja litaanguka kwa mlango?"

Fundi alifikiri. Nilimpenda kwa kufikiri. "Hapana," akasema. "Ingechuruzika. Na angerusha kwa nyeupe pia, kwani nyeupe imemkosea nini?"

Kioko akauliza basi hao wadudu wako wapi, waje wajitetee. Mwongeli akasema tungoje jua. Tulingoja. Mawingu yalikuwa yamefunika, na ilipofika saa saba hakuwa ameshuka hata mmoja. Kioko akawaambia wateja kwamba mashahidi wa mama wameogopa mahakama, na wengine wakacheka. Nilihisi yote yanaporomoka. Lakini Mwongeli alikuwa amesimama kando ya mkokoteni kama mtu anayengoja zamu yake kisimani. Alimwomba fundi aweke kidole kwenye doa la gari la kwanza, halafu kwenye sehemu ya asidi ya boneti kuukuu, halafu kwenye sehemu ya mayai, macho yakiwa yamefumbwa. Aseme mbili zipi ni ndugu.

Fundi akafumba macho, akapapasa, akarudia. "Gari na hii hapa," akasema, kidole kikiwa kwenye sehemu ya mayai. Bwana wa gari jekundu naye akataka kujaribu. Akasema vile vile. Kisha akamgeukia Kioko akamwuliza kama gari analotaka kununua lina mayai.

Hapo ndipo Kioko alipomwita Mwongeli kando, karibu na kibanda changu, nikasikia kila neno. Hakusema nimekosea. Hakusema pole. Alisema, "Sawa, mama. Jumatatu rudi kazi. Yaishe."

Yaishe. Amevuliwa viatu mbele ya wageni, jina lake limesambazwa barabara nzima, na dawa yake ni yaishe. Niliishika kalamu mpaka ikanikaza vidole.

"Barua, bosi," Mwongeli akasema.

"Barua gani tena? Si nimekuambia urudi."

"Umeniambia mimi. Wengine uliwaandikia."

Kioko akaingia ofisini akatoka na karatasi baada ya dakika tano. Mwongeli aliisoma akiwa amesimama, akafika mwisho, akamrudishia. Iliandikwa kwamba imebainika uharibifu huenda ulitokana na wadudu.

"Huenda iko hapa inafanya nini?" akauliza. "Na wadudu gani? Hata kunguni ni mdudu. Mtu akisoma hii atasema nililetea magari kunguni."

Kioko akamwambia asijifanye mwalimu. Bi Pauline, aliyekuwa hatua tatu nyuma, akasema mwalimu yupo, na kama meneja anahitaji jina kamili la mdudu atamwandikia kwa herufi kubwa. Wateja walikuwa bado wanatazama. Kioko akarudi ndani. Barua ya pili ilitaja kereng'ende, lakini haikumtaja Mwongeli mahali popote, kana kwamba kereng'ende ndio waliofukuzwa na sasa wanasamehewa. Akairudisha nayo. Ya tatu ilisema kwamba madoa yalisababishwa na mayai ya kereng'ende msafiri, anayefika na mvua za Novemba na kuyadhania magari yaliyong'arishwa kuwa maji. Kwamba Mwongeli Ndunda hakuhusika kwa njia yoyote. Kwamba barua ya kwanza imefutwa. Sahihi, tarehe, mhuri wa yadi.

Mwongeli akaisoma mara mbili. Akamwomba Kioko aipige picha na kuituma katika kundi lile lile la mameneja. Kioko aliinua simu kama mtu anayeinua gunia la saruji, akatuma. Mwongeli akangoja mpaka akaonyeshwa kwamba imefika. Kisha akaikunja mara moja tu, akaitia kwenye mfuko wa plastiki ili isilowe, akaaga watu mmoja mmoja, akashika mkokoteni wake.

Jumatatu Kioko alifika mapema. Alikuwa ameamuru maji yaruhusiwe adhuhuri pia, msimu wa kereng'ende ukiwapo, boneti zote zisuuzwe mayai kabla hayajaiva, na alikuwa amewaeleza wateja wawili jambo hilo kama utafiti wa yadi. Saa mbili alichungulia getini. Saa tatu akachungulia tena. Saa nne na nusu jua lilikuwa limewaka, na kereng'ende wa rangi ya asali walikuwa wameanza kushuka juu ya magari meusi. Akaja dirishani kwangu akauliza Mama Ndinda yuko wapi.

Nikamwambia alipita asubuhi akielekea EPZ. Karani wa huko alikuwa amempigia. Meza ya ukaguzi ilikuwa inamngoja.

"Lakini nilimwandikia barua," akasema, na alikuwa amekasirika kweli.

"Ndiyo hiyo aliyoenda nayo, bosi."

Akatazama magari, akatazama mpira wa maji uliozungushwa chini, akaniuliza sasa ataosha nani. Nikamwambia mimi ni wa geti.